Sahani Isiyokuwa na Mwenyewe

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa wasomi kuzungumzia kaya: nani ni mtu wa kaya, nani si mtu wa kaya, na utamjuaje. Nilipofungua kabati la hoteli kutundika nguo zangu, harufu ya naftalini ikanipiga usoni, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Kijana aliyenibebea sanduku akaniuliza kama niko mzima. Nikamjibu kwamba mimi ni mzima kabisa, ila nimekumbuka blanketi. Akatoka bila kungoja bakshishi.

Nina shahada ya mambo ya kaya. Nimeyaandikia kurasa nyingi, na nyingine nikizisoma leo sizielewi. Lakini mtu wa kwanza niliyemwona akilichunguza swali hilo hakuwa profesa. Alikuwa karani wa Kampuni, alikuja kwa baiskeli, na kaya aliyoichunguza ilikuwa ya kwetu, mji wa Baraka kando ya ziwa, mimi nikiwa mtoto wa kupoteza meno ya mbele.

Baba yangu simkumbuki. Alikuwa mchimbaji wa Kampuni ya dhahabu, kule ndani upande wa Misisi, na udongo ulimwangukia kabla sijajua kukaa. Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi Kampuni ilivyokuwa siku zile: iliua na ikalisha, tena kwa mpango. Kila mwisho wa mwezi mama yangu alikwenda bohari pamoja na wajane wengine, akapewa unga, chumvi, mafuta ya mawese na kipande cha sabuni ya kahawia. Mara moja kwa mwaka alipewa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, linalonuka naftalini kiasi kwamba mbu wenyewe walihama. Na kubwa kuliko yote, Kampuni ilinilipia mimi nafasi ya shule kwa masista wa misheni, pamoja na gauni. Wasichana wa shule tulikuwa wachache, na nilikuwa nimeshajifunza kujivuna kabla ya kujifunza kusoma.

Sharti lilikuwa moja. Mjane awe mjane. Aliyeolewa tena, au aliyeonekana anakaa na mwanamume na hasemi, alikatwa kila kitu, na mtoto wake akarudi shambani kufukuza ndege.

Sasa, sisi tulikuwa na Wilondja.

Wilondja alikuwa mvuvi kutoka Swima. Mwanzo alikuja kumwuzia mama ndagala, dagaa wa ziwani. Baadaye akawa anamwachia mama hizo ndagala azianike mchangani na kuziuza, wagawane. Kisha akawa anapita kuangalia kama zinakauka, ingawa ndagala hukauka zenyewe kwenye jua bila kuangaliwa na mtu. Akatengeneza paa. Vitu vyake vikaingia nyumbani kimoja kimoja, kama kuku wa jirani wanavyoingia: wavu, halafu kasia, halafu kiko chake cha tumbaku, halafu kofia yake ya majani ikapata msumari wake kando ya mlango. Mwisho akaingia mwenyewe.

Nilimpenda kupita kiasi. Aliniita Mukubwa, kama vile mimi ndiye chifu na yeye ananiletea kodi. Asubuhi alinibeba mabegani hadi ufukweni kutazama mitumbwi mingine ikirudi na taa zake bado zinawaka hali jua limeshatoka, na mimi niliona wavuvi ni watu wa ajabu, wanaolimulikia jua njia. Akishona nyavu aliimba vibaya sana. Nyimbo zote aliziimba kwa sauti ile ile, na mbuzi wa mtaa walisogea mbali.

Kwenye paa lilining'inia kopo tupu la maziwa la kuwekea fedha. Alichopata Wilondja ziwani kilitumbukizwa humo, alichouza mama kilitumbukizwa humo, na aliyehitaji kitu alinyoosha mkono akachukua. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza cha nani. Siku ya posho Wilondja alilala ziwani, na mama akaniambia, "Bakikuuliza, Wilondja ni mugeni." Sikuona uongo ndani yake. Alikuwa mgeni kweli, tena mgeni mzuri. Alikuwa haondoki tu.

Halafu mama akagombana na mwanamke mmoja juu ya sehemu ya kuanikia ndagala. Jina lake sitalitaja kwa sababu wajukuu zake ni rafiki zangu. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi mrefu na binamu aliyefagia ofisi ya Kampuni. Haukupita muda, Bwana Donati, yule karani wa Kampuni, akateremka kutoka Fizi.

Bwana Donati hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mbali, Kasai, na alikaa mlimani Fizi na mke ambaye watu walisema ni mkali kuliko pilipili. Alivaa miwani, kaptula iliyonyooka, kofia ya jua, na soksi nyeupe hadi magotini. Mtu akiteremka kutoka Fizi hadi Baraka kwa baiskeli na soksi nyeupe, anafika na soksi nyekundu. Lakini kengele ilikuwa inang'aa, na aliipiga mara kadhaa mbele ya mlango wetu ingawa tulikuwa tumeshamwona.

Hapa lazima nieleze elimu niliyokuwa nayo. Miezi michache kabla ya hapo, watu walikuwa wamekuja kumtazama binamu yangu ili aolewe, nami nilijificha nyuma ya mlango nikajifunza utaratibu wote. Mchumba na watu wake huja wamevaa safi. Hukaa kwenye kiti pekee kilichopo. Hukataa maji kwanza, kisha huyanywa. Hutazama masufuria, hutazama juu kwenye paa, huuliza nani anapika, nani anakata kuni, na kama kuna mwanamume mwingine ameanza kukaa kaa pale. Bwana Donati akaingia, akakaa kwenye kiti chetu pekee, akakataa maji, akayanywa, akatazama masufuria. Nikajua basi: Karani amekuja kumposa mama.

Aliyempokea ni Koko, mama yake baba yangu, aliyekaa nasi. Koko alikuwa na masikio yanayosikia kwa hiari.

"Koko, mi natembelea bajane bote," Karani akasema. "Kampuni inataka kujua kama banaishi muzuri."

"Tunaishi."

"Na nani?"

"Na Mungu."

Karani akakohoa. Akaangalia lundo la kuni kando ya jiko, magogo mazito kama mapaja.

"Nani anakata kuni pa hii nyumba?"

"Mi," akasema Koko, ambaye mgongo wake ulikuwa haujanyooka tangu nimjue.

"Hii miti yote, Koko?"

"Nikikasirika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anavuta pindo la kitenge chake na haliachi. Karani akainuka, akazunguka, akaona kiko cha Wilondja juu ya kinu. Mama akaacha kuvuta kitenge.

"Na hii ya tumbaku, ni ya nani?"

"Ya mi," akasema Koko.

"Unavuta?"

"Tangu nizaliwe."

Karani akakaa tena kwenye kiti, akakunja mikono, akangoja. Koko alikuwa hajawahi kuweka kiko mdomoni. Akakichukua, akatia kaa la moto kama alivyomwona Wilondja akifanya, akavuta kwa nguvu zote za mtu anayetetea unga wake. Alikohoa hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Macho yakamwagika maji. Alipopata pumzi akafuta uso na kusema kwa heshima, "Tumbaku ya mwaka huu ni muzuri." Tangu siku hiyo alivuta kweli. Alizikwa na kiko, na padri hakupenda.

Karani akanigeukia mimi, kwa kuwa watu huamini watoto hawajui kujibu.

"Mutoto, kopo ile ya juu ni ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba haina mikono."

Nikafikiri. "Basi ni ya paa."

Akaandika kitu, akavaa kofia. "Nitarudi," akasema. "Niko nalala hapa Baraka, ku nyumba ya Kampuni, mupaka kazi iishe." Akapiga kengele, akaenda.

Mchana huo huo mama alichukua kikapu kikubwa, akaanza kutia humo vitu vya Wilondja: shati, kisu, sabuni yake, kofia yake ya majani. Alivitia vizuri, akivikunja, kama anayefunga zawadi. Wilondja alisimama akimtazama.

"Mupaka lini?" akauliza.

"Mupaka ile baiskeli ipande mulima."

"Na kama haipande?"

"Wilondja, mutoto atavaa nini ku masomo? Wavu yako?"

Wilondja akanitazama, kisha akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Hapana, wavu iko na matundu. Masista batalia." Akabeba kikapu kichwani. "Mukubwa, chunga mama yako. Mi niko pale tu ku lubunga."

Lubunga ni kibanda cha wanaume, hakina kuta, kina paa na magogo ya kukalia, na kilikuwa karibu nasi kiasi kwamba kikohozi cha Wilondja tulikisikia. Lakini jioni ile hakuna aliyeimba vibaya nyumbani kwetu. Nilikaa nikatazama msumari mtupu kando ya mlango. Mama alipika, akaonja, akasahau kwamba ameonja, akaonja tena. Nikaelewa mambo yote kwa uwazi kabisa, kama nilivyokuja kuyaelewa mengi baadaye maishani, yaani kinyume: mchumba mwenye baiskeli amefika, kwa hiyo Wilondja anafukuzwa. Nikaamua nimfukuze mchumba.

Njia niliijua. Binamu yangu nusura akataliwe kwa sababu mtu alisema ni mpotevu, anagawa chakula hovyo. Karani aliporudi asubuhi, mama yuko mchangani, Koko amesinzia na kiko chake, nikakaa mbele yake tayari kumharibia mama sifa.

"Mama yako anapikaka?"

"Anapika."

"Anapikia nani?"

"Banaume," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Banaume gani?"

"Bote."

"Bote ba wapi?"

"Bote ba hapa. Na bageni bakipita. Kila mangaribi."

Karani akatazama mlangoni, kisha akainama karibu nami, sauti chini. "Na Wilondja?"

"Na yeye. Na muzee Asukulu. Na katekista."

"Katekista!"

"Yeye njo anakulaka sana," nikasema, na nikaona kwa furaha jinsi uso wake ulivyobadilika. Nikafikiri mchumba huyu ameisha.

Yaliyomstua Karani yalikuwa kweli tupu, na mtu yeyote wa Baraka angemwambia. Kwetu, mume hakula na mkewe. Jioni kila mama alipakua sahani, mtoto akaipeleka lubunga, na wanaume wakala sahani zote pamoja, mkono wa huyu katika chakula cha mke wa yule. Mama, ingawa mjane, alipeleka sahani kwa jina la nyumba ya marehemu baba. Na sheria ya lubunga ilikuwa moja, na ilikuwa ngumu: hakuna aliyesema sahani ni ya nani. Kila mtu alijua. Ya kwetu ilikuwa ya bati jeupe, ukingo wa bluu, imebanduka upande mmoja. Lakini kusema "hii inatoka kwangu" kulikuwa aibu kuliko kukoroma kanisani, na aliyeteleza alitozwa pombe ya ndizi. Na kwa kuwa sahani haikuwa na mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kuilalamikia pia.

Karani hakujua. Alitoka kwetu amekaza uso, na jioni ile nilipopeleka sahani nilimkuta amekaa lubunga, mwishoni mwa gogo, soksi zimefuliwa. Nilibaki nyuma ya nguzo.

Wanaume walinawa. Karani akanyoosha kidole kwenye ukingo wa bluu.

"Hii sahani ni ya nani?"

Muzee Asukulu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa lubunga, akatafuna taratibu. "Ni ya chakula," akasema.

"Mi nauliza inatoka wapi."

"Inatoka ku jiko."

Mtu akacheka puani. Karani akamgeukia Wilondja, ambaye mashavu yalikuwa yamejaa bugali. "We, Wilondja, nani anakupikiaka?"

Wilondja akameza. "Bwana Karani, tazama na macho yako. Hawa bamama bote."

"Na we, muzee? Nani anakupikia?"

"Hawa hawa."

"Bibi yako ni nani, basi?"

"Iko kule," akasema muzee Asukulu, akipeperusha mkono upande wa mji mzima.

Kampuni ilikuwa imempa Karani kipimo: mwanamume anayekula chungu cha mjane kila siku, huyo ndiye mume wake. Kipimo kizuri, nimeona vibaya zaidi vikichapishwa. Kwa kipimo hicho mama yangu alikuwa na waume wa kujaza mtumbwi mkubwa, pamoja na mtumishi wa Mungu.

"Lakini unauliza na mukono mukavu," muzee Asukulu akamwambia. "Nawa, baba. Ukule, halafu uulize."

Sahani ya mama jioni ile ilikuwa na samaki mukeke wa asubuhi hiyo, aliyepikwa na mawese na pilipili kidogo. Kwenye nyumba ya Kampuni Karani alikuwa anakula wali na sardini za kopo, peke yake, akitazama ukuta. Alinawa. Akatia mkono. Akafumba macho.

Jioni iliyofuata akarudi, kuendelea na uchunguzi. Na iliyofuata tena. Kila mara mkono wake ulisafiri juu ya sahani nyingine zote, bila kuzitazama, hadi kwenye ukingo wa bluu. Nilikuwa nyuma ya nguzo, nikiwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimemsema mama vibaya, na mchumba anazidi kunenepa.

Nikachukua hatua ya mwisho. Njiani, nyuma ya mgomba, nilitia konzi ya chumvi ya Kampuni ndani ya mchuzi nikakoroga kwa kidole. Nilipoiweka sahani chini nilirudi mbio nyuma ya nguzo. Karani akala, macho yakamtoka, akanywa maji, akala tena, akasema, "Leo iko na nguvu." Wanaume wengine wakaonja. Nikaona nyuso zikikunjana moja baada ya nyingine kama nguo zinazokamuliwa. Katekista aliinua macho mbinguni. Hakuna aliyesema neno. Wangesemaje? Sahani haikuwa na mwenyewe. Wakaimaliza yote kwa adabu, na mtungi wa maji ukazunguka hadi ukakauka.

Siku iliyofuata mvua kubwa ilimkuta Karani njiani, akakimbilia kwetu. Akaingiza baiskeli ndani, akatundika kofia ya jua kwenye ule msumari, na kutoka mfukoni akampa Koko pakiti ya tumbaku, maana walikuwa wameshazoeana. Mvua ilipopungua akaenda zake kwa miguu, kofia ameisahau, matope yakiwa mengi mno kwa magurudumu.

Asubuhi akaja kuchukua vitu vyake. Koko alikuwa anamngoja, amevaa kitambaa kipya kichwani.

"Kaa, Bwana Karani," akasema. "Leo mi njo nauliza. Nani anakulaka chakula ya huyu mama kila mangaribi?"

"Banaume ba lubunga."

"Na we?"

Karani akasita. "Na mi."

"Kofia ya nani iko ku musumari?"

"Koko, ilikuwa mvua..."

"Baiskeli ya nani ililala mu nyumba?"

"Ya mi, lakini mi mwenyewe sikulala."

"Nani ananiletea tumbaku? Mukwe wangu wa wapi?" Koko akapuliza moshi. "Basi andika. Andika jina yako. Tena andika muzuri, bibi yako wa Fizi asome."

Mama alikuwa amegeukia ukuta. Na mimi, niliyesikia tu kwamba mambo ya ndoa yanafikia mwisho na jina linataka kuandikwa, nikaruka katikati ya chumba.

"Mi sikutaki!" nikamlilia Karani. "Mi nataka Wilondja! Wilondja njo bwana ya mama! Arudi na kofia yake!"

Mama aligeuka, na uso wake sijawahi kuuona tena ukiwa vile. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika kishindo kile aliuona unga wetu, na gauni langu, na benchi langu la masista, vyote vinateremka ziwani.

Karani akanitazama. "Haunitaki?" akauliza. "Kwa nini?"

"Kengele yako ni muzuri," nikakiri, kwa sababu nilitaka kuwa mtu wa haki. "Lakini mama asiolewe na we."

Akamgeukia mama polepole. "Mama, huyu mutoto anazania mi nimekuja kuposa?"

Mama akajaribu kujibu. Akaziba mdomo na kitenge. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinamtoka kwa nguvu, cha siku zote zile alizokuwa ameshikilia pumzi. Koko akaanza kucheka na kukohoa pamoja. Karani Donati, mwakilishi wa Kampuni, akavua miwani akaipangusa, akacheka hadi akakaa chini kwenye mkeka, na soksi zake.

"Fizi basisikie," alikuwa anasema. "Mungu wangu, Fizi basisikie."

Walipotulia akavaa miwani. "Mama, leo siandike kitu," akasema kwa upole. "Lakini siku ya posho bataniuliza, na mi sitasema uongo sababu ya samaki, hata kama ni tamu. Fikiria."

Mama alifikiri akiwa mchangani, akigeuza ndagala. Siku ya pili akanishika mkono, tukaenda misheni kumwona Sista Mkubwa. Mama hakuanza na habari za shule. Aliuliza afya, akauliza bustani, kisha akauliza masista wanakula nini siku ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa nyama ni mwiko kwao.

Sista akakunja uso. "Maharagi," akasema. "Ao sardini ya kopo."

"Karibu na ziwa vile?" mama akasema, kwa huruma kubwa. "Sista, na kama samaki inakuja mubichi kila Ijumaa, mupaka ku mulango ya jiko?"

Sista Mkubwa akanitazama mimi, akamtazama mama. Hakuwa mjinga. "Na mutoto anaendelea kusoma," akasema, si kwa kuuliza.

Ndivyo elimu yangu ilivyohamishwa kutoka Kampuni ya dhahabu kwenda kwenye wavu wa Wilondja. Vyeti vyangu vyote, hadi kile chenye muhuri wa chuo kikuu, vimelipiwa na mukeke wa Ijumaa. Wenzangu wa mkutanoni wakiniuliza nilifadhiliwa na nani, huwa nasita.

Siku ya posho mama alikwenda bohari bila gunia, na Wilondja akatembea kando yake, mchana kweupe, mbele ya wajane wote. Yule mwanamke wa ulimi mrefu aliangusha kibuyu chake cha mawese. "Bwana Karani, niondoe," mama akasema. "Iko na bwana mu nyumba yangu." Karani akatazama lundo lililokuwa nyuma yake. "Blanketi za mwaka zimefika leo," akasema. "Chukua kwanza. Kufuta nitafuta nikisha kula." Ndilo lile blanketi. Naftalini yake ilidumu kuliko Kampuni.

Jioni nilipeleka sahani lubunga. Karani alikuwa amekuja kuaga, baiskeli imeelekezwa Fizi. Wilondja alikuwa amekaa mahali pake, kofia hana kichwani, kwa kuwa ilikuwa tayari kwenye msumari wake. Niliweka sahani katikati, na kabla sijarudi nyuma ya nguzo yangu akanyoosha mkono akaugusa ukingo wa bluu.

"Hii inatoka kwangu," akasema. "Bibi yangu njo alipika."

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Karani mwenyewe, aliyekuwa ameshajifunza, alishika mdomo.

"Umesema nini?" akauliza muzee Asukulu.

"Nasema ni ya nyumba yangu. Nitalipa pombe. Mutungi mukubwa."

Wakapiga kelele, wakapiga magogo kwa viganja, mtu akamvika Wilondja kikapu kichwani. Muzee Asukulu akainua mkono, wakatulia.

"Basi sahani iko na mwenyewe?"

"Iko naye."

"Iko naye kweli?"

"Kweli, muzee."

Muzee Asukulu akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. "Sasa tunaweza kusema," akatangaza. "Wilondja, ile siku ya chumvi, ulitaka kutuua?"

Wote wakalipuka kwa pamoja. Katekista alisema aliona malaika. Mwingine alisema ulimi wake mpaka leo ni wa mbao. Karani Donati alishika magoti akasema alikunywa pipa zima la Kampuni na hakujua atamlalamikia nani. Wilondja aliinamisha kichwa chini ya kikapu, akipokea mashtaka yote kama mume halali, anang'aa kwa furaha. Kisha akageuka taratibu, akanitazama nyuma ya nguzo.

"Mukubwa," akasema. "Nani alitia chumvi?"

Nikatoka, nikasimama wima kama masista walivyonifundisha.

"Kwani ku lubunga banaulizaka?" nikasema, nikakimbia nyumbani.